Mwenye Fimbo na Mwenye Kibao

Mama alihamia kwangu Jumapili akiwa na begi moja, mto wake mwenyewe, na uso uliovimba kwa hasira. Nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala. Usiku ule nililala kwenye kochi, miguu ikining'inia nje, nikijua bila kuuliza kwamba Baba alikuwa amelifungua tena lile domo lake.

Safari hii alikuwa amelifungulia ukweni. Walikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wa mdogo wangu, na kabla chai haijapoa Baba akaanza hadithi yake ya siku zote. "Mimi nilisimama zangu na fimbo yangu. Huyu ndiye aliyesogea, akasogea, mpaka nikakosa pa kukimbilia!" Wakwe walivunjika mbavu. Mama naye alicheka, akamaliza chai yake kwa adabu, akarudi nyumbani na kufunga virago.

"Mama, si utani tu?" nilimwuliza.

"Utani gani huo usiozeeka? Baba yako ndiye aliyenifuata, mwanangu. Alivuka kuja upande wangu kwa miguu yake mwenyewe. Sasa akikana mbele za watu maisha yote, mimi nijue nini? Nilipendwa, au nilizoeleka tu kwa kuwa nilikuwa karibu?"

Harusi ilikuwa inakaribia, na Mama alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga ukumbini wala kurudi kwa mumewe mpaka ukweli ujulikane. Namjua mama yangu, kichwa chake ni kigumu kuliko cha Baba. Niliogopa, tena sana, na si kwa ajili ya kitanda changu peke yake.

Sasa niseme kazi yangu. Natunza picha katika maktaba ya sanaa, hapa katikati ya mji wa kale, kwenye jengo la ngazi za mawe ambalo kuta zake hunywa maji kila mvua inaponyesha. Mkusanyo wetu unaopendwa kuliko yote ni ule wa milango. Zamani mpiga picha mmoja alipewa kazi ya kupiga picha kila mlango wa kuchongwa mjini, na alikuwa na wasaidizi wawili. Kijana mmoja alisimama kulia akishika fimbo yenye mistari, ili mtu ajue urefu wa mlango. Msichana alisimama kushoto akishika kibao chenye namba ya picha. Kijana yule ni baba yangu na msichana ni mama yangu. Kila mtu kwetu anajua kwamba walikutana hapo. Wanachobishania ni nani alimfuata mwenzake.

Utaniuliza, kwa nini sikuzitazama picha tangu mwanzo? Nimezitazama miaka nenda miaka rudi. Lakini mabwana walioagiza kazi ile walitaka mlango, hawakutaka watu, kwa hiyo kila picha ilibandikiwa fremu ya karatasi ngumu iliyofunika pembeni. Kilichoachwa kuonekana ni vidole vya Baba kwenye fimbo na ukingo wa kibao cha Mama. Nimewahudumia wasomi kutoka kila pembe kwa vidole vya baba yangu. Picha moja tu, ya lango kuu la ghala la zamani, ilikuwa na fimbo bila vidole. Msomi mmoja aliwahi kuniuliza sababu, nami nikamjibu kwamba fremu imekatwa vibaya.

Mwaka huu ukungu uliingia kwenye fremu zile, ikabidi zibanduliwe zote. Fundi wetu wa karatasi akashika kazi, na watu wakaanza kutokea pembeni mwa milango, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nikapata wazo. Niliwaalika wazazi wangu wote wawili kuja kutambua watu pichani. Kila mmoja nilimwambia peke yake, na hakuna niliyemwambia kuhusu mwenzake.

Baba alifika kwanza, na koti lake la harusini. Mama alipoingia na kumwona, alinikata jicho ambalo bado linanichoma. Hata hivyo aliketi, upande wa pili wa ile meza ndefu ya ukumbi wa kusomea, mbali naye kadiri meza ilivyoruhusu. Ukumbi ule ni wa msimamizi tunayemwita Kimya. Kwake kukohoa ni kosa na kuhama kiti ni kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo wazazi wangu waligombana kwa kunong'ona, mimi nikiwa katikati nimevaa glavu, nikipokea mate ya pande zote mbili.

Wataalamu hupanga picha zile kwa mitaa. Mimi nilizipanga kwa namba za kibao, jinsi zilivyopigwa. Mwanzoni ilikuwa milango ya majumba makubwa, Baba huko na Mama kule, kila mmoja akitazama mbele kama walivyoagizwa. Katikati ya rundo walianza kukaribiana. Mwishoni mabega yao yalikuwa yanagusana.

"Unaona?" Baba alinong'ona, meno yote nje. "Anasogea huyo! Nilisema nini mimi?"

"Fungua macho, mzee. Fimbo yako iko kwenye mwimo wa kulia wa mlango, na kibao changu kiko kwenye mwimo wa kushoto. Nani amesogea hapo?"

Niliinama kutazama tena, nikaona kosa langu. Hakuna aliyesogea. Mpiga picha alianza na majumba ya matajiri, akamalizia na vijumba vya vichochoroni. Milango ndiyo iliyokuwa inapungua upana.

Mama naye alikuwa ameliona. Aliirudisha picha ya mwisho kwenye rundo, polepole, na hasira yote ikamtoka usoni. Ningependa irudi. "Basi ni milango," alisema. "Tulisukumwa tu." Akaanza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

Baba alifungua kinywa, akakosa cha kusema. Sijawahi kuona jambo hilo.

Wakati ule ule fundi wa karatasi akaja na trei. Alikuwa amebakiza fremu moja iliyoshikwa na gundi, ya lile lango kuu. Orodha yetu inaliweka la kwanza kwa ukubwa wake, lakini kibao kilikuwa na namba ya mwisho kabisa.

"Hii tuliirudia," Mama alisema. "Ile ya kwanza iliungua na jua. Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi."

Lango lilikuwa pana, mikokoteni miwili ingepishana ndani yake. Kulia ilisimama fimbo peke yake, imeegemezwa kwenye mwimo kama mwavuli uliosahauliwa. Kushoto walisimama wawili. Baba alikuwa ameshika ncha ya kibao, akimsaidia Mama kubeba kitu ambacho hata mtoto angekibeba. Hakutazama mbele. Alikuwa anamtazama yeye, na Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mpiga picha alinifokea siku ile," Baba alisema hatimaye. "Fimbo ilianguka mara mbili."

"Kwa hiyo ulijua! Miaka yote ulijua!"

"Niliona haya, mama watoto. Nilivuka lango zima mbele za watu, na wewe hukuinua hata kichwa. Nikaona afadhali niseme wewe ndiye uliyekuja. Halafu watu wakawa wanacheka, nikazoea." Alivuta koti lake likae sawa. "Wakwe nitawaambia mwenyewe. Nitawaambia mbele ya ukumbi mzima."

Mama alichukua kioo changu cha kukuzia, akainamia picha kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe amezibwa na kicheko.

"Njoo uone, mjinga wewe," alisema kwa sauti kamili, ukumbi mzima ukageuka. "Sikuinua kichwa kwa sababu nilikuwa nacheka! Meno yangu haya hapa!"

Baba alisimama. Meza ile ni ndefu na njia ni moja tu, ya kuizunguka yote. Kimya aliinuka kwenye kiti chake na kidole kikiwa tayari mdomoni, akamtazama mzee mwenye koti la harusini akipita nyuma ya wasomi, mmoja mmoja, akiomba radhi. Kidole kikashuka. Nilivuta kiti nikakiweka karibu na cha Mama, glavu zangu zikiwa zimelowa machozi, kosa jingine hilo.

Safari hii Mama aliinua kichwa, akamtazama njia nzima.