Shingo ya Ruti

Mama yetu ana rovu. Limemkaa shingoni tangu ujana wake, na kule kwetu Mbozi hakuwa peke yake, ila watoto wa mnadani yeye ndiye waliyemchagua kumcheka. Kaka yangu Lwitiko alipomwoa Tabita, nilimwona wifi yangu anavyoliibia macho rovu lile wakati wa kula. Nilichukia, nasema kweli.

Akapata mimba. Siku hizo redio haichoki kuhimiza chumvi yenye madini joto. Tabita akauliza kliniki hayo madini joto ni kitu gani, nesi akamjibu vizuri tu kwamba ni iodini, na ikipungua mwilini rovu huota. Tabita si mjinga. Iodini aliijua: ile dawa ya vidonda, ya kahawia. Akamtuma Lwitiko Tunduma, akarudi na chupa kubwa.

Ruti alipozaliwa, mama yake alimpaka dawa ile kitovuni na shingo nzima, asubuhi na jioni, kwa unyoya wa kuku. Kitovu kilipona, yeye hakuacha.

"Huyu hawatamcheka," aliniambia. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda.

Mtoto akawa wa kulala tu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na shambani mtoto asiyelia ni neema, kwa hiyo majirani wakamsifu kwa upole. Hata kunyonya mpaka aamshwe. Tulimpeleka hospitali ana miezi mitano, uso umevimba, ulimi hautoshi kinywani.

Daktari aliiona kahawia ile shingoni, akauliza. Kisha akaeleza taratibu, bila kumlaumu mtu: ngozi ya kichanga hunywa dawa, na iodini ikizidi, tezi ya shingoni hugoma kama vile ikipungua, na bila tezi hiyo akili ya mtoto haikui. Tezi ingeamka. Akili ndiyo ilikuwa imecheleweshwa mno.

Ruti sasa ana miaka saba. Jina lake halijui. Anamtambua bibi yake tu.

Jumapili iliyopita, kabla ya kanisa, Tabita alikuwa akimvisha shanga. Shingo nyembamba, laini, haina doa. Sijaona nzuri kama ile. Alimaliza kufunga, mikono ikabaki palepale.

"Wifi," akasema, "bora angeota rovu."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Akaingia, akaketi kando ya Tabita, wakalia wote wawili. Ruti akapanda mapajani kwa bibi yake, akalishika rovu kwa mikono miwili, akacheka.