Nusu Iliyokosekana

Kiroboto alikaa dawati la nyuma la maabara, mpole kama kondoo, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka. Mbele, mwalimu wa kemia alikuwa akipima sharubati ya bwalo. Wanafunzi walikuwa wamelalamika kwamba ni maji yenye rangi, na mkuu wa shule alikuwa ameapa: ikithibitika, mpishi anafungasha virago leo.

Mpishi alisimama mlangoni na aproni yake. Alikuwa shangazi yake Kiroboto, yule aliyemfichia ukoko kila Jumamosi.

Mwalimu alitumbukiza kijichupa cha sampuli kwenye spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaomezwa na kimiminika. “Rangi ikikolea, mwanga unamezwa zaidi.” Mashine ikaonyesha 0.30. Kwa sharubati alizochanganya mwenyewe, alikwishaona kuwa kila sehemu moja ya sharubati nzito katika mia ya mchanganyiko humeza 0.03. Akagawanya ubaoni. “Kumi. Na jikoni waliagizwa ishirini.”

“Nusu!” mkuu akanguruma kando yake. “Mama, nusu nyingine umeipeleka wapi?”

“Haki ya Mungu, mkuu, kikombe cha kupimia ni kile kile.”

“Hesabu haina undugu na mtu,” mkuu akamkata.

Jana sampuli ilikuwa kwenye friji ya maabara: baridi, nyekundu, haina mlinzi. Kiroboto alikunywa nusu, akajazia maji mpaka kwenye alama, akajipongeza kwa utaalamu. Sasa shangazi alikuwa akiikunja aproni taratibu, kama anayekunja shuka la marehemu. Macho yao yalipokutana alijikaza akatabasamu, asije akamwaibisha mtoto mbele ya wenzake.

Tabasamu hilo ndilo lililomwinua Kiroboto kitini.

“Mwalimu, zidisha kwa mbili.”

“Kwa nini mbili?”

“Sampuli iliongezwa maji. Nusu yake ninayo mimi.”

“Ilete.”

“Hailetiki tena, mwalimu.”

Darasa likaangua kicheko. Jagi jipya likaletwa kutoka jikoni, mashine ikaonyesha 0.60. Ishirini kamili. Mkuu, ambaye ndiye aliyeweka kiwango hicho cha maji yenye rangi, akakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Shangazi hakucheka. Alivaa aproni yake, akapita kati ya madawati, akainama.

“Baba,” alinong'ona, “si ungeniomba tu?”

Adhabu ya kufagia maabara Kiroboto aliimaliza akipiga mluzi. Lakini Jumamosi ukoko ulikuja kama kawaida, umefunikwa vizuri kwa sahani, na yeye, ambaye hakuwahi kushindwa na chakula, alishindwa.