Mapanga Manne ya Droni

Nilimshuku Hakimu tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Timu yetu ya droni pale shule ya Ediofe, Arua, ilikuwa ya watu watatu: mimi Eyotaru, Aliga, na huyo Hakimu aliyehamia shuleni kwetu kutoka Koboko. Na mashindano yangefanyika Koboko. Sasa niambie, mtu wa Koboko anatafuta nini kwenye timu ya Arua?

Halafu zile picha. Kila jioni, kabla hatujaiweka droni sandukuni, alitoa simu akaipiga picha juu, chini, na kila mota. Kisha anazituma.

"Unatuma kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa baba. Yeye iko fundi ya redio. Anasema usifungue kitu kama hapana piga picha."

Fundi wa redio! Njia ya mwongo ni fupi, nikajisemea.

Alhamisi droni ilipaa kwa mara ya kwanza, rimoti ikiwa mikononi mwa Hakimu. Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Jioni hiyo nikaamua hataichezea. Nikafungua mapanga yote manne, yale ya plastiki yanayozunguka juu ya mota, nikayatia mkobani, nikalala nayo nyumbani.

Asubuhi nikayafunga mwenyewe. Mawili huzunguka kushoto, mawili kulia. Mama yangu huuza viatu vya mitumba sokoni Arua, na tangu utotoni kazi yangu ni kupanga jozi. Nikaweka ya kushoto upande wa kushoto, ya kulia upande wa kulia. Nani angenifundisha mimi hilo?

Droni ikanguruma, ikainua pua, ikapinduka chali.

"Ameiharibu," nikamwambia Mwalimu Acidri. "Ametuuza kwa watu wa kwao."

"Mimi hapana gusa kitu!" Hakimu akapaza sauti. "Angalia picha basi!"

"Hizo picha ndizo ushahidi," nikamjibu.

Mwalimu akasema Hakimu akae kando mpaka mashindano yaishe. Fomu ya majina ilikuwa kwangu, nikalikata jina lake kwa kalamu, mistari miwili. Jumatano droni ikapinduka tena. Nikasema ni ubaya aliotuachia, nikazidi kulala na mapanga.

Jumamosi, mbele ya uwanja mzima wa Koboko, ikapinduka tena chali. Watu wakacheka. Tulibakiwa na jaribio moja. Hapo nikamwona Hakimu anakuja na baba yake, Mzee Yakubu, bisibisi mbili zikiwa mfukoni mwa shati la mzee.

"Usiguse!" nikafoka.

Hakimu hakugusa. Alininyooshea simu.

"Angalia tu. Hii iko picha ya siku ile ilipaa."

Nikaipokea, nikaitazama picha, nikaitazama droni. Mapanga ya mbele yalikuwa sawa. Ya nyuma yalikuwa yamebadilishana mahali. Kwenye picha, yanayofanana yalikaa mshazari, moja mbele, mwenzake nyuma upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeyapanga mfano wa jozi mbili za viatu, na yale ya nyuma yalikuwa yanaisukuma droni chini.

"Nani alifungua hii panga?" Mzee Yakubu aliuliza kwa upole.

Nikaitia simu yake mfukoni, nikayabadilisha yale mawili. Aliga akashika rimoti. Droni ikapaa moja kwa moja, ikatulia hewani, na uwanja ukalipuka kwa makofi.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema. "Hakimu hakuharibu kitu. Ni mimi."

Nikakimbilia meza ya waamuzi, jina la Hakimu lirudishwe. Karani, Agnes Keji, aliitazama fomu.

"Hii jina iko ya kukata, na mwalimu yako alitia saini. Sasa hapana weza rudisha."

Aibu ilinichoma mwili mzima. Nilirudi kwa Hakimu nikampa simu yake.

"Nisamehe."

"Sawa," alisema. Kisha akaifungua ile simu, akaanza kuzihesabu picha zake moja moja mbele yangu, aone kama sijafuta yoyote.