Tangazo la Alasiri

Mwanamina alimkanya mumewe Ridha asiipe akili unde sauti yake. Ridha akatia pamba masikioni, na kila alasiri ile sauti bandia ikawatangazia wateja haluwa kwenye WhatsApp. Voi nzima ikaizoea. Kisha Ridha akafa ghafla, na neno la siri la kuizima akaenda nalo.

Siku ya tatu, hitima ikisomwa nyumbani, simu zikatetema. Jirani mmoja akaufungua ujumbe kwa mazoea, na sauti ya Ridha ikasikika.

“Ndugu zangu, haluwa ya leo ingali moto. Niko dukani, nawangoja.”

Wasomaji wakaigeukia simu, juzuu mikononi. Mwanamina akampokonya jirani simu, akawaamuru wote waifunge namba ile ya kishetani.

Mama yake Ridha akamshika mkono.

“Wacha, mwanangu,” akasema. “Kesho atasema saa ngapi?”