Bakuli la Lidwina

Siku Lidwina aliporudi, mume wangu alimpa bakuli la uji kabla hajanipa mimi, tena lilijaa mpaka ukingoni. Niliangalia vizuri. Langu lilikuwa limepungua vidole viwili. Mwaka ule ulezi ulikuwa adimu, maana Wadachi, wale Wajerumani, walichoma maghala na mashamba wakati wa vita, na Ungoni nzima ilikuwa porini ikichimba ming'oko, mizizi ya mwituni. Gaspari alipakua kama mtu aliyevuna jana. Lidwina alipoanza kulia na kutaka kueleza, alimkatiza.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kisha utasema yote, usipunguze."

Huyu Lidwina ndiye aliyekuwa awe mke wa Gaspari. Ndoa yao ilikwisha kutangazwa kanisani mara mbili, ikabaki ya tatu. Kabla ya Jumapili hiyo vita vya Maji Maji vikatufikia. Padre akakimbilia Nyasa, na Gaspari, katekista wake, akaenda naye kubeba vyombo vya kanisa. Lidwina hakusubiri. Alikunywa ile dawa ya maji, akavua rozari, akaolewa mke wa tatu na mpiganaji mmoja. Misheni ilipochomwa, alionekana akipiga vigelegele. Baadaye mume huyo alinyongwa kwenye boma la Songea, wake wenzake wakamfukuza, na sasa alikuwa jikoni kwangu, miguu imevimba, akinywa uji wangu. Nilimwonea wivu. Nilimwogopa pia, na sababu nitaisema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa siku ya pili. Gaspari alimpokonya jembe lile taratibu, akaenda kulima yeye. Niliwaka siku nzima.

Lakini nisimsingizie, hakumlegezea. Lidwina alipoomba kuingia kanisani, alimkatalia. Padre aliporudi aliweka sheria moja kwa wote waliokunywa maji: Kwaresima nzima wasimame nje ya mlango, kila mmoja na muumini kando yake mpaka kengele ya misa ilie, na Jumapili ya kwanza waseme mbele ya watu walichofanya. Gaspari alimwambia Lidwina akimtazama machoni kwamba kumwacha Mungu kwa ajili ya dawa ni dhambi, na kukaa na mume wa watu ni dhambi, na kwamba yeye hataziita kwa jina jingine. Kisha akamwongezea uji. Mwanamume gani huyu, nilijiuliza, anagomba huku anapakua.

Gaspari alipoomba mimi ndiye nisimame na Lidwina, uvumilivu uliniishia.

"Unamhurumia, au bado unamtaka?" nilimuuliza.

"Aliponiacha niliumia, sikufichi," alisema. "Nikakuoa wewe kwa sababu hukuyumba. Kwa hiyo wewe ndiye wa kusimama naye, Kunegunda. Mwenye miguu imara ndiye anayeegemewa."

Lakini mimi pia nilikunywa maji yale.

Ilikuwa kijijini kwa mama yangu, wiki moja kabla misheni haijachomwa. Mganga alifika, watu wakapanga mstari, na walisema asiyekunywa atahesabiwa mtu wa Wadachi. Niliogopa. Lidwina alikuwa mbele yangu. Alikunywa, akanipa kata kwa mkono wake, nikameza mafunda mawili. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitupa rozari yake, mimi yangu nikaifunga kwenye upindo wa nguo. Gaspari aliporudi nilimpokea nayo shingoni, na watu wote wakanisifu kwa uthabiti. Miaka miwili nilipokea komunyo nikiwa na mafunda yale tumboni. Lidwina alikuwa anajua. Neno lake moja tu lingeniondolea sifa yangu, na mume wangu pamoja nayo.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima nilisimama naye, maana watu wangeuliza kwa nini sikusimama. Walikuwa saba mlangoni. Zamu yake ilipofika alisema yote, maji, mume, vigelegele, na sauti yake haikutafuta kisingizio. Bibi mmoja aitwaye Walburga, aliyepoteza wanawe wawili vitani, akamuuliza kwa ukali alikunywa na nani, awataje.

Lidwina alinitazama.

"Nilikunywa kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Ya mtu mwingine si yangu kuyasema."

Nilidhani nitashukuru. Badala yake wivu ulinipanda kuliko siku zote, na safari hii haukuwa wa Gaspari wala wa uji. Mwanamke yule alisimama pale na matambara yake, mbele ya watu waliomjua kwa ubaya, akiwa hana tena cha kuficha. Mimi niliyesitiriwa ndiye niliyebaki nacho. Alinihurumia mbele ya watu wote, na hakunidanganya kwamba sikukosa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu miaka miwili.

Kengele ikalia. Waumini wakaingia, wenye toba wakabaki nje. Gaspari alinishikia mlango, akidhani nimesahau.

"Ingia, Kunegunda."

"Mahali pangu ni hapa," nilisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Nilipokea kata kutoka kwake."

Uso wa Gaspari ulizeeka nikiuona. Hakuniambia kwamba si kitu. Akaingia, mlango ukafungwa, na Lidwina akanishika mkono.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Gaspari alitangulia mbele, hakugeuka. Nilijua ananihesabia siku zote za ndoa yetu upya. Nilipoingia jikoni nilianza kukusanya nguo zangu, kwani nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Alikuwa amechutama mekoni akikoroga. Alipakua bakuli la kwanza, akaniwekea mimi. Lilijaa mpaka ukingoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kisha utasema yote, usipunguze."