Mkono wa Kushoto wa Radi

Mstari wa chaki ulianzia mlangoni, ukakata katikati ya karakana, ukapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, ukashuka upande wa pili na kuishia chini ya dirisha. Mwenye meza alikuwa ametoka kununua nyuzi, kwa muda usiozidi nusu saa. Aliporudi, mkasi wake ulikuwa upande wa mumewe na futi yake ya utepe ilikuwa upande wa mdogo wake.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Ukuta," alijibu mumewe.

"Umepinda."

"Haujajengwa, utapindaje?"

"Mlangoni umeacha mita mbili na nusu. Dirishani haifiki mbili na robo. Umepinda."

Mumewe, ambaye alikuwa seremala na hakupenda kusikia neno hilo, alitoa misumari mdomoni akautazama mstari wake upya. Nyuma yake mbao mbili za plaiwudi zilikuwa tayari zimeegemezwa ukutani.

Karakana ilikuwa ya makochi. Kwa miaka kumi na tisa seremala alichonga fremu, shemeji yake akaweka springi, sponji na kitambaa, na yeye, mke wa mmoja na dada wa mwingine, akakata kitambaa katikati yao. Hakuna kochi lililowahi kutoka mlango ule bila kupita kwenye mikono sita. Kupima nafasi ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwa hiyo hakuhitaji muda kuona matokeo. Ukuta ukisimama hapo, fremu ya watu watatu haitaweza kugeuzwa. Meza ya mita nne itakatwa vipande viwili, na hakuna kitambaa cha kochi kinachokatwa kwenye meza ya mita mbili. Karakana itakufa kabla rangi ya ukuta haijakauka.

"Nani ameanza?"

Wanaume wawili wasiotazamana walinyoosha vidole kwa pamoja. Vyote vilimwelekea kinyozi.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amejibwaga kwenye kochi lililoagizwa na mwalimu mkuu, ambalo lilikuwa bado limevaa sponji tupu. "Mimi nimeuliza swali tu, dada yangu," alisema. "Nataka kuandika ubao pale kwangu. Timu tano bora za mieleka ya zamani, za wawili wawili. Wateja wananitikisia vichwa kwa ubishi, nitamkata mtu sikio."

"Na mmefika wapi?"

"Ya tano tumekubaliana, Daktari na Muuguzi."

"Kwa shingo upande," alisema mdogo wake. "Muuguzi alikuwa bure kabisa. Kazi yake kumfunga Daktari kamba za viatu."

"Alimzimisha Kabati!" mumewe alifoka, akimwambia kinyozi.

"Kinyozi, mwambie huyo bwana kwamba Kabati hata upepo ulimzimisha. Aliitwa Kabati kwa sababu ukimweka mahali ndipo utakapomkuta."

"Mnaona?" kinyozi alisema. "Mpaka hapo tulikuwa tunacheka. Ya nne poa, ya tatu Chui na Binamu Yake, ya pili tukawapa Mapacha wa Zege."

"Ambao mmoja alimzidi mwenzake kichwa kizima na miaka kumi," alisema mwenye meza.

"Pacha ni pacha, dada. Sasa nikauliza, ya kwanza je?"

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliweka nyuzi mezani, upande wa mumewe, kisha akazisogeza hadi juu ya mstari.

Ya kwanza ilikuwa Radi na Kimya. Radi aliingia ulingoni akinguruma. Kimya hakuwahi kusikika akisema neno. Katika mchezo wa wawili wawili mmoja hupigana na mwenzake husubiri nje ya kamba, mkono umenyooshwa, na wakigusana mikono wanabadilishana zamu. Radi na Kimya walibadilishana kwa kasi iliyowachanganya waamuzi. Halafu, miaka ishirini na saba iliyopita, Jumamosi saa kumi jioni, katika pambano la kutetea mkanda wa ubingwa lililoonyeshwa kwenye televisheni, Radi alichukua kiti cha chuma akampiga nacho Kimya kisogoni. Timu ikafa palepale. Hilo lilijulikana. Kilichobishaniwa ni sababu.

"Kimya alikataa mkono," mdogo wake alisema, akiipiga sponji ngumi. "Radi anachapwa na watu wawili, anatambaa, ananyoosha mkono, mwenzake anatazama pembeni! Ungefanya nini wewe?"

"Kinyozi, mwambie shemeji yangu kwamba Kimya alikuwa anamtazama mwamuzi, kama sheria inavyotaka. Akapigwa kwa nyuma. Mtu amekupa mgongo wake wote, unamletea kiti! Ile tabia ipo hata leo. Wengine wanamwahidi mwalimu mkuu makochi matatu kwa Ijumaa, bila kumwuliza anayechonga."

"Haya, imetoka!" Mdogo wake alitupa nyundo yake ndogo kwenye sponji, ikadunda. "Nilikuuliza! Jumatatu nimekuuliza, Jumanne nimekuuliza, wewe unapiga randa tu. Kimya mtupu!"

"Na wewe Radi mtupu!"

"Na hapo," kinyozi alisema kwa unyonge, "ndipo chaki ilipotokea."

Seremala alinyanyua plaiwudi ya kwanza. Mkewe alimtazama akiibeba. Alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka ishirini na saba, si kwa kuwa lilikuwa siri, bali kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Siku ile alijaribu. Wote wawili walimwambia anyamaze, wanasikiliza mtangazaji. Aliona hakuna haja ya kurudia.

"Weka chini hiyo mbao," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyeona."

"Nani hakuona?" aliuliza mumewe.

"Wewe ulikuwa juu ya bati."

Ilikuwa kweli. Wakati ule mumewe alikuwa bado si mume, ni rafiki tu wa mdogo wake, na kila picha ilipoanza kutetemeka yeye ndiye aliyepanda kuzungusha antena.

"Nilikuwa nimeshashuka."

"Ulishuka Kimya akiwa ameshalala. Uliingia na kutu mikononi, ukagusa pazia jeupe la mama, alama haikutoka. Na wewe," alimgeukia mdogo wake, "ulikuwa dirishani unampigia kelele. Kushoto, kulia, bado, bado. Picha ilikuwa imeshatulia, nawe bado unalia bado, umeipa televisheni kisogo. Mlichopata nyote ni sauti ya mtangazaji: amempiga, amempiga mwenzake! Yaliyobaki mmejaza wenyewe."

Kinyozi alikaa wima. "Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Miaka yote hii wanabishania pambano la redio."

Seremala aliishusha plaiwudi sakafuni, taratibu. "Na wewe uliona nini, mama watoto?"

"Mimi nilikuwa nimekaa chini, hatua mbili kutoka kwenye kioo. Kimya hakukataa mkono. Wala hakuwa anamtazama mwamuzi. Alimtazama Radi, akainamisha kichwa kidogo, hivi, kama mtu anayevaa kofia. Radi alishika kiti kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akauweka kwenye kisogo cha mwenzake. Kiti kikatua juu ya mkono wake mwenyewe."

Wanaume wote wawili walisema kwa pamoja.

"Haiwezekani!"

"Dada, samahani, lakini mieleka hujui."

"Kiti cha chuma kinashikwa kwa mikono miwili, mke wangu. Mizani! Kwa mkono mmoja kinakupinda kiuno."

"Tena kitakwenda upande. Shemeji, mwonyeshe."

"Nimwonyeshe nini? Leta kiti."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu chaki ichorwe kwa mmoja kusema na mwenzake moja kwa moja bila kugombana, lakini hawakugundua. Mdogo wake alichomoa kiti cha plastiki chini ya cherehani. Seremala alisukuma plaiwudi kwa mguu hadi ikalala sawasawa katikati ya karakana, juu ya mstari. Sasa ilikuwa ulingo. Aliingia juu yake kwa heshima fulani, akavua kofia, akampa kinyozi.

"Mimi Kimya," alisema.

"Nilijua tu utachukua Kimya."

"Wewe piga."

"Polepole, jamani," kinyozi alisema, "hamna umri wa mambo haya."

"Wewe hesabu tu, refa."

Mdogo wake alinguruma. Alikuwa na miaka arobaini na minane na kitambi cha wastani, na mngurumo ulikatishwa na kikohozi, lakini aliumaliza. Alizunguka ulingo mara moja. Seremala alisimama katikati, ameshika kiuno, akitazama mbele bila kupepesa. Mdogo wake alinyanyua kiti, akajitazama, akarekebisha miguu.

"Sasa angalia, dada. Nashika hivi, sivyo? Nanyanyua. Yeye yuko hapa. Nakuja..."

"Piga basi!"

"Nakuja hivi, halafu..."

Kiti kilishuka. Kilitoa mlio mdogo wa plastiki.

"Msitikisike," alisema mkata vitambaa.

Walisimama kama alivyowaambia.

"Mkono wako wa kushoto uko wapi?"

Mdogo wake alitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekumbatia kisogo cha shemeji yake, vidole vimetanuka, na mguu wa kiti ulikuwa umelala juu ya vidole hivyo. Aliukodolea macho kana kwamba ulisahauliwa pale na mteja.

"Nimeuweka tu," alisema. "Kiti hiki kina ufa. Ungemchana."

"Na wewe mume wangu, nani amekuambia uiname?"

"Sijainama."

"Umeinama," alisema kinyozi, ambaye maisha yake yote alikuwa akitazama vichwa vya watu kwa nyuma. "Kama unavyoinama kwangu nikifika shingoni. Wallahi umeinama."

Seremala alijinyoosha polepole. Alimtazama shemeji yake akipuliza vidole.

"Umeumia?"

"Kidole cha kati."

"Lete." Alikishika, akakikunja, akakikunjua. "Hakijavunjika. Ijumaa utapiga misumari vizuri tu."

"Ijumaa ipi? Kwani fremu nyingine zipo?"

"Ya pili imekwisha. Ya tatu imebaki mgongo. Ungeniuliza ningekuambia."

"Nilikuuliza!"

"Ungeniuliza nisipokuwa na misumari mdomoni!"

Mkata vitambaa hakungoja wamalize. Alichukua kitambaa kibichi akafuta chaki juu ya meza, kwanza upande wa mkasi, kisha upande wa futi. Chaki ya sakafuni aliiacha. Nusu yake ilikuwa chini ya plaiwudi, na nusu nyingine walikuwa wakiifuta wenyewe kwa viatu, wakibishana.

"Kochi la mwalimu mkuu linataka kugeuzwa," alisema. "Kinyozi, shuka."

Kinyozi alishuka. Seremala alishika kichwani, shemeji yake miguuni, hakuna aliyehesabu moja mbili tatu, na kochi likapinduka hewani na kutua chali bila kugusa meza. Alipima kwa jicho: palibaki kama upana wa kiganja.

"Lakini ile ya kwenye televisheni," mumewe alisema akihema, "bado si hivyo ulivyosema."

"Hata kidogo," mdogo wake aliunga. "Kile kilikuwa kiti cha chuma. Hiki plastiki. Dada amechanganya mambo mawili."

"Alikuwa amekaa karibu mno."

"Na kioo chenyewe kilikuwa kidogo, shemeji, unakumbuka? Kama sahani."

Mke wa mmoja na dada wa mwingine aliwasikiliza wakimkanusha kwa zamu, huyu akichoka anampokeza yule.

Kinyozi aliirudisha kofia, akatoa kalamu nyuma ya sikio. "Sasa jamani, ubao wangu. Radi na Kimya, ya kwanza?"

"Ya kwanza!" walisema wote wawili.

"Ya tatu," alisema mkata vitambaa, akikunjua kitambaa cha mwalimu mkuu juu ya meza yote ya mita nne. "Waliutetea mkanda mara sita. Mapacha wa Zege mara kumi na moja, Chui na Binamu Yake mara nane. Niliandika nyuma ya daftari langu la hesabu, na ninalo."

Wanaume wawili waliacha kochi wakaja mezani, mmoja huku, mwingine kule, wametoa macho.

"Mara kumi na moja!" mumewe alisema. "Shemeji, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia. Niachie mimi kwanza, wewe pumzika."

Mkata vitambaa alichukua mkasi na kuanza kukata.