Blogu ya Mwandika Wasifu wa Marehemu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kuomba blogu. Ofisi yenyewe ilikuwa ndani ya banda langu la nguruwe hapa Tukuyu, ila limepigwa vigae, na nguruwe wamekaa kwenye viti wakisubiri zamu.

Mezani kilikaa kikombe cha kahawa, kimevaa miwani. Kiliniuliza blogu itahusu nini. Nikajibu, uandishi. Kikataka kujua nimeandika nini. Nikasema ukweli: mtaani kwetu mtu akifa, mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda kuzika. Nimewaandikia wengi, na kila nikimaliza nabaki na jambo kuhusu kuandika ambalo natamani kumwambia mtu, sijui nani.

Kikombe kilinitazama kuanzia kilemba hadi malapa. Kilisema bloga wa uandishi anajulikana: ni kijana, ana kompyuta ya mapajani, anakunywa kahawa dirishani mvua ikinyesha, na ana paka. Nilieleza kwamba mvua Tukuyu ipo ya kutosha, ila mimi naandikia kwenye simu, kwa kidole gumba, huku nimeinjika maharage, na kahawa inanipandisha presha.

"Basi utamvaa," kikombe kikasema.

Nikaletewa bloga huyo, ametundikwa kama suti. Naingiza mguu, unakwama gotini. Nguruwe wawili wananisaidia kuvuta zipu. Zipu inaniomba radhi, inasema imejitahidi.

Kikombe hakikukasirika. Kilisema yapo masharti mengine, huenda nikayaweza. Bloga lazima awe na sauti yake. Nikafungua mdomo nijibu, hakikutoka kitu. Sauti yangu ilikuwa tayari juu ya mizani. Ikapimwa, ikagongwa muhuri wa "ya msibani", nikarudishiwa. Pia lazima awe na wafuasi.

Hapo nasikia nyayo nyuma yangu. Nageuka. Banda limekuwa barabara ya makaburini, na marehemu wote niliowaandikia wananifuata, kila mmoja na nguo aliyozikwa nayo. Sikuogopa. Nilifurahi kama mtu aliyefikiwa na wageni chakula kikiwa kimeiva.

Kikombe kilikuja mbio, kahawa inamwagika, kikasema hao hawahesabiki kwa sababu hawana simu.

"Sisi tuna muda," akajibu Mzee Mwaisumo.

Huyo tulimzika mwezi wa nne. Familia iliniambia niandike kwamba aliipenda sana kwaya ya kanisa, hakukosa mazoezi hata mvua inyeshe vipi, nami nikaandika. Sasa akanivuta pembeni. Akasema wasifu ulikuwa mzuri, aliusikiliza wote akiwa ndani ya jeneza, ila walipofika kwenye kwaya akadhani wameanza kumzika mtu mwingine.

"Kwaya sikuipenda, mwanangu," alisema. "Nilifuata chai. Walikuwa na maandazi ya iliki. Ungeandika hivyo, wangenikumbuka mimi."

Hilo ndilo jambo nililotamani kumwambia mtu miaka yote. Nikatoa simu, nikaandika nimesimama katikati ya barabara. Niliandika kwamba usiridhike na kwaya, uliza mpaka uifikie chai, na nikamtaja mzee kwa jina. Marehemu wamenizunguka, wanachungulia skrini, mmoja ananirekebishia nukta. Kikombe kinauliza nani ametoa ruhusa. Nabonyeza "chapisha", na barabara nzima inapiga makofi.

Niliamka kumekucha. Nikawapelekea nguruwe pumba. Walikula wamesimama, kama kawaida yao. Blogu sikuwa nayo. Hata namna ya kuifungua nilipanga kumuuliza mwanangu Lusajo akija Jumapili.

Nikiwa naosha ndoo, ujumbe uliingia kwenye simu. Ulitoka kwa Mama Gwakisa, mjane wa Mzee Mwaisumo.

"Nimesoma, dada. Ndiyo maana siku za mazoezi alikuwa hagusi chakula changu, nami nikidhani sijui kupika. Nimecheka peke yangu jikoni, mara ya kwanza tangu tumzike. Andika nyingine."